Mtoto Ana Tatizo la Moyo na Pesa Huna: Anzia Hapa

Wasomaji wananiuliza swali hili kila mara, kila mmoja kwa maneno yake. "Mwanangu ameonekana ana tundu kwenye moyo, anatakiwa upasuaji, na mimi nauza chapati. Nifanyeje?" "Nasikia kuna watu wanawapeleka watoto nje bure. Nawapataje?" "Mdogo wangu ana miaka 19, valvu imeharibika, tumeambiwa gharama tukaondoka kimya."

Msaada upo, na kwa kawaida uko karibu kuliko unavyodhani. Wanaoukosa hawaukosi kwa kuwa wafadhili wamekwisha. Wengi wanachelewa kufika mbele ya daktari anayeweza kuliingiza jina lao kwenye orodha, au wanafika wakiwa na karatasi pungufu. Nitaeleza zaidi habari ya Tanzania, maana ndiko barua nyingi zinakotoka, ila msomaji wa Kenya au Uganda naye atapata cha kuanzia.

Msaada wenyewe uko wapi

Zamani mgonjwa wa Tanzania aliyehitaji kufunguliwa kifua alisubiri kupelekwa nje, hasa India. Mwaka 2008 upasuaji wa aina hiyo ulianza kufanyika Hospitali ya Muhimbili, na mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) pale pale Upanga, Dar es Salaam. Kwa hiyo safari ya nje siyo tena njia ya kwanza ya kufikiria. Njia zilizopo ni hizi:

- Kambi za upasuaji JKCI. Madaktari wa kujitolea wanakuja na vifaa, wanafanya kazi na wenzao wa hapa kwa siku chache, kisha wanaondoka. Miongoni mwa waliowahi kuja ni Open Heart International ya Australia na Almuntada Aid, shirika la Kiislamu la Uingereza lenye mpango wa mioyo ya watoto.
- Safari ya nje kwa watoto. Jina linalojulikana zaidi, hasa Zanzibar, ni Save a Child's Heart, lililoanzishwa mwaka 1995 na Dk. Ami Cohen katika hospitali ya Wolfson, mjini Holon, Israel. Madaktari wao wamekuwa wakipima watoto Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa miaka mingi. Dk. Godwin Godfrey, bingwa wetu wa upasuaji wa moyo wa watoto, alisomea huko kabla ya kurudi nyumbani.
- Msamaha au punguzo la hospitali yenyewe. Njia hii inapitia ofisi ya ustawi wa jamii. Watu wengi hawaijui, nayo ndiyo ninayowasihi muijaribu kwanza.

Kenya, Hospitali ya Mater ya Nairobi ina mpango wa moyo unaochangiwa na mbio za hisani za kila mwaka, na Hospitali ya Tenwek kule Bomet inatibu wagonjwa wengi wa valvu, yaani milango ya moyo. Uganda kuna Taasisi ya Moyo pale Mulago. Mpango wa Rotary uitwao Gift of Life, unaofadhili upasuaji wa watoto nchi nyingi, ulianza mwaka 1975 kwa msichana mmoja wa Uganda aliyepelekwa New York.

Tahadhari moja hapa. Njia hizi hubadilika. Kituo cha Salam cha Khartoum, kilichofunguliwa mwaka 2007 na shirika la Emergency la Italia, kilipokea wagonjwa wa moyo kutoka nchi nyingi za Afrika bila malipo. Aprili 2023 vita vikazuka Sudan, na safari ya kwenda huko ikawa si ya kutegemea. Basi usiende na habari ya "mtoto wa jirani alipelekwa kule". Muulize daktari wa moyo ni njia ipi inafanya kazi sasa hivi.

Muda unaua kabla ya ukosefu wa pesa

Naomba usome sehemu hii hata kama utaziruka nyingine.

Tundu kubwa kati ya vyumba vya chini vya moyo husukuma damu nyingi mno kwenda kwenye mapafu. Mtoto anatoka jasho akinyonya, anaacha ziwa kila dakika kupumua, haongezeki uzito, na kifua kinambana kila baada ya wiki chache. Huo ndio wakati wa kuziba tundu, mara nyingi kabla mwaka mmoja au miwili haijapita.

Asipotibiwa, mishipa ya mapafu huanza kukakamaa na kuwa minene kwa kujikinga na mzigo huo. Damu inayoingia mapafuni inapungua, na hapo kinatokea kitu kinachowadanganya wazazi: mtoto anaonekana amepata nafuu. Kifua kinatulia, jasho linakoma, anacheza kidogo. Nyumbani watu wanashukuru kwamba tundu limejifunga. Miaka inapita, kisha midomo na kucha zinaanza kuwa na rangi ya bluu, kwa kuwa damu chafu sasa inavuka tundu kwenda upande mwingine. Mtoto akifika hapo, daktari yeyote duniani atakataa kuliziba, hata pesa ziwe mezani, maana kuliziba ni kumuua.

Ni kweli matundu madogo hujifunga yenyewe. Lakini kwa macho huwezi kujua lipi limejifunga na lipi limeharibu mapafu. ECHO, kipimo cha picha ya moyo, ndiyo inayojua.

Kwa watoto waliozaliwa na midomo ya bluu, wale wanaochuchumaa wakichoka kucheza, jifunze jambo moja leo. Akishikwa ghafla, akawa bluu sana na kuhema, mlaze na ukunje magoti yake mpaka yaguse kifua, mtulize asilie, kisha kimbia hospitali. Hali hiyo ikitokea hata mara moja, mwambie daktari wake, kwa sababu inaweza kubadilisha nafasi yake kwenye foleni.

Hatua za kufuata

1. Pata rufaa. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Ukiambiwa "moyo una sauti isiyo ya kawaida", uliza palepale: "ECHO inapatikana wapi, na mnaniandikia rufaa lini?" Usiondoke na maneno matupu.
2. Pima ECHO. Bila kipimo hiki hakuna mpango wa msaada utakaokusikiliza. Sikiliza matangazo ya tiba mkoba, pale madaktari wa JKCI wanapokwenda mikoani. Mpeleke mtoto siku ya kwanza ya kambi. Siku ya mwisho watu ni wengi na muda ni mdogo.
3. Fungua faili kwenye kliniki ya moyo. Mgonjwa anaingia kwenye orodha kupitia daktari wake. Kumwandikia barua mfadhili wa nje moja kwa moja mara nyingi kunakurudisha hapohapo.
4. Nenda ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Usisubiri upangiwe tarehe ya upasuaji. Eleza kipato chako kilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kama una bima, sema. Kuificha kunakuharibia, kwa sababu huenda ndiyo ikalipa sehemu kubwa.
5. Subiri uamuzi wa jopo. Madaktari wa moyo na wa upasuaji hukaa pamoja wakipitia picha za kila mgonjwa. Wanaangalia nani hali yake haiwezi kungoja, nani ana nafasi nzuri ya kupona, na timu inayokuja ina utaalamu gani.

Hatua hii ya tano ndiyo inayoleta machungu mengi, kwa hiyo niieleze. Mzazi anaona mtoto wa jirani mwenye nafuu ameitwa na wa kwake, aliyedhoofika, ameachwa. Anahisi kuna upendeleo. Sababu mara nyingi ni vitanda vya chumba cha uangalizi maalum. Kambi ni ya siku chache na vitanda ni vya kuhesabu. Mtoto anayetarajiwa kukaa kwenye mashine ya kupumulia siku nyingi anaziba nafasi ya wengine kadhaa, na wageni wakiondoka naye hajazinduka, yuko hatarini zaidi. Daktari anaweza kumwahirisha kwa kumjali. Lakini una haki ya kuuliza, tena uliza wazi: "Ameahirishwa au amekataliwa? Mnasubiri nini? Turudi lini?" Majibu ya maswali hayo matatu yaandikwe kwenye faili.

Faili la mgonjwa

Nunua faili gumu la plastiki. Nimeona bahasha za kaki zilizoloa mvua kwenye basi la kutoka mkoani, majibu ndani yake hayasomeki. Weka:

- barua ya rufaa na majibu yote ya ECHO, ya zamani na mapya
- cheti cha kuzaliwa (RITA kwa Bara, Zanzibar ni wakala wa usajili wa matukio ya kijamii)
- kadi ya kliniki yenye uzito na chanjo
- kitambulisho cha mzazi au mlezi, NIDA au cha Mzanzibari
- barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji; Zanzibar, barua ya sheha
- majina ya dawa anazotumia na vipimo vyake
- namba za simu tatu: yako, ya ndugu, na ya jirani asiyehamahama

Sasa tazama zile picha nyeusi za ECHO kwenye karatasi laini inayong'aa. Karatasi ile huchapwa kwa joto, na kwa joto hilohilo hufutika. Ukiiacha dirishani au kwenye dashibodi ya daladala, baada ya muda utabaki na karatasi tupu. Toa nakala mbili na uipige picha kwa simu siku unayopewa. Maelezo ya maandishi ya daktari yawe na jina, tarehe na mhuri.

Cheti cha kuzaliwa kina mtego wake. Jina lililo kwenye cheti, kwenye kadi ya kliniki na kwenye rufaa liwe moja, herufi kwa herufi. Mtoto anayeitwa Abdallah kwenye cheti na Abdul kwenye rufaa atakwama Uhamiaji, na kusahihisha jina si kazi ya siku mbili. Kama kuna uwezekano wa safari ya nje, anza pasipoti mapema. Ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018 ada yake ilikuwa shilingi 150,000. Ridhaa ya wazazi wote wawili huulizwa. Kama baba hajulikani aliko au amefariki, mwone ofisa ustawi mapema akuelekeze karatasi zinazotakiwa badala yake.

Maswali yenu

*"Ni bure kabisa?"* Upasuaji wenyewe unaweza kuwa bure, ila maisha ya kuufuata si bure. Jipangie nauli, chakula cha anayemuuguza, mahali pa kulala Dar es Salaam, vocha, na kipato utakachokosa. Hapa ndipo michango ya ukoo inapofaa. Badala ya kuhangaika kuchangisha mamilioni ya upasuaji, waombe ndugu wagawane: huyu nauli, yule sehemu ya kulala, mwingine abaki na watoto wengine.

*"Si wanafanyia majaribio?"* Madaktari wanaokuja ni mabingwa wanaofanya upasuaji huohuo makwao. Kufundisha kupo, na hakufichwi. Ndivyo tulivyopata madaktari wetu. Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, omba usomewe kwa Kiswahili na uambiwe hatari ya upasuaji huo kwa mtoto wako. Upasuaji wa moyo una hatari. Daktari akikuambia hatari hiyo haimaanishi anakukatisha tamaa.

*"Sisi ni Waislamu, watambadilisha dini?"* Wazazi wa Zanzibar wamewapeleka watoto wao Israel kwa miaka mingi na wakarudi nao na dini yao. Mipango hii haiulizi dini ya mgonjwa.

*"Mtoto atasafiri bila mimi?"* Inawezekana. Watoto wakubwa mara nyingi huenda kwa kikundi na muuguzi anayejua Kiswahili, na wanaonyonya huenda na mama. Wanakaa wiki kadhaa, pengine kufikia miezi mitatu. Mzoeshe kulala kwa shangazi au bibi kabla ya safari, na mwambie ukweli kwamba atapasuliwa. Mtoto aliyedanganywa kuwa anakwenda kutembea hamwamini mtu tena akizinduka na mirija kifuani.

*"Mimi ni mtu mzima, nami nitasaidiwa?"* Mipango mingi ya nje ni ya watoto. Mtu mzima mwenye valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ategemee zaidi kambi za ndani na msamaha wa hospitali. Nafasi ni chache, lakini zipo, na anayehudhuria kliniki bila kukosa ndiye anayeonekana.

Matapeli

Penye kukata tamaa matapeli hawakosekani. Shika haya:

- Hakuna mpango wa hisani unaouza nafasi kwenye orodha. Anayekuomba "ya soda" ili jina lisogezwe ni mwizi, hata akiwa amevaa koti jeupe.
- Malipo halali ya hospitali ya serikali hupitia namba ya malipo (control number). Usitume pesa ya matibabu kwenye namba ya simu ya mtu.
- Ukipigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa wa shirika, kata simu, kisha uliza kliniki yako kama wanamjua.
- Usimpe mtu usiyemjua picha za mtoto akiwa na kifua wazi. Picha hizo huzunguka mitandaoni zikichangishiwa pesa ambazo hutaziona.

Ukiitwa

Simu ya kuitwa huja ghafla, wakati mwingine kwa sababu mgonjwa mwingine amepata homa na nafasi yake imebaki wazi. Mzazi aliyebadilisha laini bila kuiarifu kliniki anaikosa. Kila ukibadilisha namba, siku hiyohiyo toa taarifa.

Wakati unasubiri:

- Meno. Mpeleke kwa daktari wa meno sasa. Vijidudu vya jino bovu huingia kwenye damu na kukaa kwenye moyo, hasa kwenye valvu mpya. Wagonjwa huahirishwa kwa sababu ya jino moja.
- Chakula na damu. Mtoto aliyedhoofu au mwenye upungufu wa damu anapona kwa shida. Uji wenye karanga, maziwa, dagaa, mayai, maharage. Usimpe dawa za kuongeza damu bila kumuuliza daktari wake.
- Wachangiaji damu. Tafuta ndugu na marafiki wenye afya watakaokuwa tayari kwenda kuchangia. Mtoto akishalazwa utachelewa.
- Kikohozi na homa. Usifiche. Najua hofu ya kupoteza nafasi, lakini mtoto mwenye kifua kibichi akiwekwa kwenye mashine ya moyo na mapafu anaweza asitoke. Kuahirishwa kwa sababu ya mafua kunavumilika.
- Dawa. Usiache hata moja, wala usichanganye na mitishamba. Kama alishaitumia, sema; hakuna atakayekufukuza.

Akishapasuliwa

Mfupa wa kifua huchukua wiki 6 hadi 8 kushikana. Kwa muda huo usimwinue mtoto kwa kumshika kwapani. Pitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya makalio. Asibebe ndoo wala begi la shule, asipande baiskeli. Kidonda kikitoa maji, kikiwa chekundu, au akipata homa, rudi bila kungoja tarehe ya kliniki.

Aliyewekewa valvu ya chuma atatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Akiiacha, damu huganda kwenye valvu, naye anaweza kupooza au kufa. Akizidisha, anavuja damu. Ndiyo maana kuna kipimo cha damu kiitwacho INR, na kabla ya upasuaji mwambie daktari ukweli kuhusu umbali wa kwenu na mahali kinapopatikana. Taarifa hiyo inaweza kubadilisha aina ya valvu atakayochagua. Mchicha, kisamvu na matembele havikatazwi, ila viliwe kwa kiasi kinachofanana wiki kwa wiki, kwa sababu vinapunguza nguvu ya dawa. Dawa za maumivu za dukani asizinunue bila kuuliza.

Kwa binti au mama kijana kuna jambo la ziada. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na valvu ya chuma hufanya ujauzito kuwa wa hatari. Valvu ya tishu ya mnyama haihitaji wafarini ya maisha, lakini huchakaa, na kwa vijana huchakaa mapema zaidi, hivyo upasuaji wa pili utakuja. Mazungumzo haya yafanyike kabla ya upasuaji, mbele ya binti mwenyewe, wala yasiachwe kwa baba na daktari peke yao.

Ambaye valvu yake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi ataendelea na sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Inauma, na watoto wanaichukia. Akiziacha, ugonjwa unarudi na kula kilichotengenezwa. Ndugu zake wakiumwa koo na homa wapelekwe kituo cha afya, maana ugonjwa huu huanza na koo ambalo halikutibiwa, hasa kati ya miaka 5 na 15.

Baada ya hapo ni kliniki, kila tarehe, hata mtoto akiwa anakimbia uwanjani na kuwashinda wenzake.

Kama unasoma haya na mwanao ameambiwa "ana sauti kwenye moyo, subiri akue", naye hajawahi kupimwa ECHO, usisubiri. Kesho asubuhi nenda hospitali ya wilaya ukaombe rufaa, na ukitoka kwa daktari ulizia ofisi ya ustawi wa jamii iko mlango gani.